Kitabu Nilichokikazia Macho Kajiado

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mimi niliishia darasa la nane, na herufi zangu hulala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na mkiona neno limeandikwa vibaya lirekebisheni kimoyomoyo mwendelee kusoma, kwa sababu nikianza kufuta nitatoboa karatasi. Tena naandika polepole. Hii nimeianza Jumapili baada ya kanisa na sijui nitaimaliza lini. Lakini kuna kijana anaitwa Mutua (mtamjua sasa hivi) ambaye amewasimulia watu wengi hapa Kitengela ile siku yangu ya aibu, na kila akisimulia mimi huzidi kukimbia mbali, juzi nimesikia eti nilifika Isinya, kwa hivyo ni afadhali niitoe mwenyewe, na aibu yake yote.

Jina langu ni Nashipai. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nikimsaidia mama kuuza maziwa asubuhi, na alasiri nilikuwa nikijifunza kupiga taipu katika shule ndogo ya kompyuta iliyokuwa nyuma ya duka la mabati. Mwenye shule alikuwa mama mmoja Mkamba ambaye sote tulimwita Madam. Siku moja Madam akatutangazia kwamba anatafuta msaidizi mmoja wa kufundisha wanaoanza, na kwamba hataangalia cheti cha mtu. Ataangalia siku ya wazazi ni nani atakayekaa mbele ya wageni aiandikie kompyuta programu ndogo kwa lugha ya Basic, na kompyuta ikubali.

(Kwa wasiojua, Basic ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Unaandika amri mstari kwa mstari, na ukikosea mstari mmoja tu kompyuta inakataa kazi yote, haina huruma.)

Nilitaka ile kazi mpaka chai ikawa haina ladha. Na si kutaka tu, nilikuwa naogopa pia, kwa sababu baba alikuwa ameshazungumza na shangazi yangu wa Ewuaso Kedong, ambaye alihitaji msichana wa kukaa dukani kwake, na ilikuwa wazi kwamba nikikosa kazi ya Madam nitaenda huko. Shangazi ni mtu mzuri sana. Lakini dukani kwake hakukuwa na hata stima, sembuse kompyuta, na msichana akishawekwa kwa duka la shangazi huko anakaa mpaka aolewe.

Madam aliniambia nitafute kitabu nisomee nyumbani, kwa maana mashine yenye Basic ilikuwa moja tu na ilikuwa na kazi za wateja. Mimi nikaitikia kwa kichwa. (Siku hizo karibu kila kitu nilikiitikia kwa kichwa, watu wengine walidhani mimi ni bubu.) Kwa vile Madam alinijua hivyo, akaushika mkono wangu akaniandikia kwa biro, katikati ya kiganja, jina la toleo na namba yake.

"Usinunue ingine," akasema. "Hii lugha inabadilika kila saa. Soma mkono wako kabla ya kulipa."

Sasa baba yangu ni dalali wa ng'ombe. Siku ya soko la mifugo alikuwa akienda Kajiado, na huko, karibu na stage ya matatu, palikuwa na mtu aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Baba akasema twende pamoja, akimaliza ya ng'ombe tutaenda kwa vitabu, kwani kununua ni kununua. Nilifurahi, kwa sababu peke yangu ningesimama mbele ya yule muuzaji hadi jua litue bila kufungua mdomo.

Lakini kuna jambo lazima mlielewe, la sivyo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Tangu nikiwa mdogo, baba akinipeleka sokoni alikuwa akinionya kitu kimoja: usimwangalie ng'ombe unayemtaka. Macho yako yakitua kwake, mwenye ng'ombe ameshayaona, na bei imepanda kabla hujasema supa ya kusalimia. Angalia mwingine. Msifu huyo mwingine. Mguse mkia. Halafu, ukiwa kama unaondoka, uliza yule wako kana kwamba umemkumbuka kwa bahati mbaya. Na mtoto asiseme kitu mzee akiwa kwa biashara, hata akiumwa na siafu.

Basi tukafika kwa vitabu.

"Karibu mzee, karibu dada," yule muuzaji akasema. "Biblia ziko, za shule ziko, za udereva ziko."

"Tunapita tu," baba akajibu, na hapo nikajua kazi imeanza.

Nikaviona papo hapo. Vitabu vya Basic vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, jalada limeanza kubanduka kwenye kona, na juu yake palikuwa na namba ileile iliyokuwa kwenye kiganja changu. Cha pili kilikuwa kinene kama mto wa kulalia, jalada gumu la rangi ya damu ya mzee, na namba yake ilikuwa ndogo, ya miaka ya nyuma huko. Nikafumba kiganja haraka ili yule mtu asisome siri yangu (kiganja kilikuwa na jasho, wino ulikuwa umeshaanza kuenda), na kama nilivyofundishwa nikageuza macho kutoka kwa kile chembamba nikayapeleka kwa kile kinene, nikakikazia. Nilikiangalia kama mtu aliyepotelewa na mtamba na sasa amemwona kwa boma la jirani. Nikashusha hata pumzi ndefu, kuongezea.

Nilikuwa nangoja baba akidharau kile kinene, tuanze kuondoka, halafu aulize kile chembamba kama kwa bahati mbaya. Ndivyo anavyofanya siku zote.

Baba akainama akakichukua kile kinene. Akakipima kwa mkono. Akakifungua mbele, ambapo palikuwa na majina matatu yameandikwa kwa kalamu tofauti.

"Hawa ni nani?"

"Hao ndio walikisomea, mzee. Wote walipita."

"Watatu?"

"Watatu."

"Huyu ni ng'ombe amezaa mara tatu," baba akasema, zaidi kwa nafsi yake. Akakisukuma kile chembamba kwa ncha ya fimbo. "Na hii?"

"Hiyo ni mpya, imetoka juzi."

"Ndama. Hatujui kama itatoa maziwa."

Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya maishani. Aliuliza bei akalipa. Baba yangu, ambaye hubishania bei ya chumvi mpaka mwenye duka aseme chukua tu mzee uende, alilipa bei ya kwanza bila neno. Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo. Lakini akanipa kile kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Shika, entito ai," yaani binti yangu, na uso wake ulikuwa umechangamka mno hadi mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Njiani kurudi alikishika magotini akimwonyesha kila aliyeketi karibu. Ningesema saa ngapi? Nikajifariji kwamba Basic ni Basic. Nyanya yangu anaongea Kimaa na mimi naongea Kimaa na tunaelewana, na kama kuna tofauti basi cha nyanya ndicho kizuri zaidi. Lugha ikiwa nzee si ndiyo imekomaa? Nilipofika nyumbani kiganja kilikuwa na doa la buluu tu. Mama akakivalisha kitabu jalada la karatasi ya kalenda ya zamani, lenye picha ya trekta, na baada ya hapo hakuna aliyejua ndani kuna nini isipokuwa mimi.

Nilisoma sana, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Niliandika kila zoezi. Kwa kuwa sikuwa na kompyuta nilichora vitufe vyote juu ya kipande cha katoni, nikawa nikiketi na mbuzi nikigonga ile katoni kwa vidole kumi kama Madam alivyotufundisha. Mbuzi mmoja alikula kona ya kulia, pale pa kitufe cha kumalizia mstari, kwa hivyo kwa siku nyingi nilikuwa nikimaliza kila mstari kwa kugonga hewa.

Mutua naye alikuwa anaitaka ile kazi. Huyu ni kijana wa shule yetu, Mkamba kama Madam lakini si ndugu yake, mdomo wake haupumziki.

"Nashi, hiyo ni kitabu ama ni tofali ya kujengea?"

"Ni kitabu."

"Wacha nione ndani."

"Bado nasoma."

"Yangu ni kidogo tu, nilitoa kwa ule jamaa wa Kajiado. Alikuwa karibu kuifanya ya kufungia njugu." Akanionyesha. Kilikuwa kile chembamba, na kona yake ilikuwa imebandikwa gundi. Nilihisi kama nimeona ng'ombe wangu akikamuliwa na mtu mwingine. "Hizi lugha zinabadilika kama Sheng," akaendelea. "Ukienda kwenu Disemba ukirudi Januari hujui mabeste wanasema nini. Yako ni ya mwaka gani?"

Nikamwitikia kwa kichwa. Akaniangalia. "Hiyo si jibu, Nashi," akasema, akaenda zake.

Basi siku ya wazazi ikafika. Programu yangu ilikuwa hivi: mtu anatoa jina lake na idadi ya ng'ombe wake, na kompyuta inamsalimia kwa jina na kumwambia atahitaji mikebe mingapi ya dawa ya kupe. Niliona ni kitu cha maana kwa watu wetu. (Ni kweli kwetu ni mwiko mzee kutaja idadi ya ng'ombe wake mbele za watu, lakini tulikuwa tumepatana na baba kwamba atasema hamsini, na kila mtu atajua ni uongo, na hakuna atakayeumia.) Baba alikodi pikapu. Alileta mama, wazee wawili wa rika lake, na wanawake wa jirani na shanga zao zote, na wakajaza viti vya mbele. Madam alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani na mashine ya kumulika, ili kila ninachoandika kionekane kikubwa kama mlango.

Nikaketi. Nikaandika mstari wa kwanza bila kuangalia vidole. Nilipomaliza ule mstari, chini yake pakatokea kamstari ka buluu kenye mawimbi madogo madogo. Katika kitabu changu hakukuwa na kitu kama hicho. Nikaandika wa pili, mawimbi ya buluu tena. Wa tatu, tena.

"Angalia," mwanamke mmoja akasema nyuma yangu kwa Kimaa, "anaishonea shanga."

Wakapiga makofi. Na mimi, ambaye maishani sikuwahi kupigiwa makofi hata nilipobatizwa, nikaamua moyoni kwamba yale mawimbi ni kama tiki ya mwalimu. Mashine mpya, nikawaza, labda siku hizi inasahihisha papo hapo. Nikaandika kwa kasi zaidi. Kadiri nilivyoandika ndivyo shanga zilivyoongezeka, ndivyo wanawake walivyoshangilia, na baba akawaambia wenzake kwa sauti ya sokoni, "Kitabu chake kimezaa mara tatu." Kando nilimwona Mutua akitikisa kichwa akininong'oneza kitu, nikadhani ni wivu. Madam alikuwa mlangoni akigawa soda, na kwa vile wageni wa nyuma walikuwa wamesimama hakuona ukuta mpaka nilipofika mwisho.

Nikabonyeza kitufe cha kuiambia programu iende.

Haikuenda. Chini ya ukuta ikatoka orodha ya makosa kwa Kiingereza, ikashuka, ikashuka, ikapita mwisho wa shuka ikaendelea kwenye ukuta wenyewe.

"Imesema nini?" baba akauliza.

Mutua akasema kwa adabu, "Mzee, imekataa."

"Imekataa nini?"

"Yote."

Baba akafikiri. Halafu akasema kwa utulivu, kama mtu anayelijua soko lake, "Hiyo ni bei ya kwanza. Mwambie tena."

Nikabonyeza tena. Orodha ikarudi ileile.

"Muongezee kidogo," mzee mmoja akasema.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, mnisamehe, sijui nilitarajia nini. Nyuma vijana wa shule walikuwa wameanza kucheka ndani ya mikono yao. Yule mzee wa pili, mtu mpole sana aliyetaka kunisaidia kwa roho safi, akainama mbele akaniambia, "Inuka kama unaondoka. Itakuita."

Basi nikainuka kama naondoka. Lakini mimi sikuondoka kidogo. Niliposimama wima machozi yalikuwa yameshafika, na nikakimbia, na akala zangu za tairi zilikuwa na msumari mmoja uliochomoza kisiginoni (nilikuwa nimeuona asubuhi nikasema nitaugonga kesho), na ule msumari ukanasa waya mrefu wa stima uliolisha mashine zote. Nilisikia mlio, chumba kikazimika, watu wakasema "ai", na mimi nikapita mlangoni nikiburuta ule waya na kisanduku chake cha soketi, kikirukaruka nyuma yangu uani kama mtoto wa mbwa anayenipenda. Niliishia nyuma ya mkokoteni wa punda wa muuza maji. Hapo ndipo nilipofika. Si Isinya.

Wakatoka wote nje, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza. Punda akaniangalia. Mutua akaja akachuchumaa akaanza kuutoa ule waya kwenye kiatu changu, na nilingoja anicheke, lakini akasema tu, "Nashi, yangu pia umeizima. Bahati yako niliiweka kwa disketi."

Baba akaja wa mwisho, polepole, kitabu kwapani. Madam alimwomba kitabu, akaivua ile kalenda yenye trekta, akasoma jalada, akafunga macho kidogo.

"Mzee, hiki kitabu hakina makosa," akasema. "Na msichana hana makosa, ameandika vizuri kabisa kila ambacho kimemwambia. Lakini ni Basic ya zamani. Hii mashine haiongei hivyo tena. Nashipai, si nilikuandikia mkononi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona ulinunua hiki?"

Hapo ningeweza kuendelea kunyamaza. Lakini nilikuwa nimekalia maji ya punda, kila mtu ameshaniona, sikuona aibu nyingine iliyobaki ya kulinda. Nikasema, na ilikuwa sauti yangu kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu, "Nilitaka kile chembamba."

Baba akanigeukia. "Ulitaka nini?"

"Kile chembamba, Papa."

"Lakini kinene ndicho ulikikazia macho. Ulikiangalia mpaka nikakuonea huruma. Mimi mwenyewe nilitaka kile kidogo, ni rahisi kubeba. Nikasema hapana, mtoto amekipenda hiki, sitabishana bei akaja kukikosa."

"Papa, si ni wewe ulisema tusiangalie tunachotaka?"

Nilimwona baba akirudi kichwani hadi Kajiado, hadi kwenye lile turubai, akijiona akilipa bei ya kwanza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Baba yangu hacheki ovyo, lakini siku hiyo alishika gurudumu la mkokoteni kwa mkono mmoja akacheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akaketi chini. Wazee wa rika walielewa upesi kuliko Madam. Yule aliyeniambia niinuke kama naondoka akasema, "Basi wewe ni dalali kuliko baba yako. Umemuuza yeye."

Kazi aliipata Mutua. Stima ilirudishwa, akaweka disketi yake, programu yake ikakubali mara ya kwanza bila shanga hata moja, na ilikuwa haki yake. Niliumia, siwezi kuwadanganya. Lakini jioni hiyo, kwenye pikapu, nilipokuwa nangoja kuambiwa nifunge nguo zangu, baba alisema akiangalia barabara, "Shangazi yako wa Ewuaso Kedong atatafuta mtu mwingine. Nitamtumia mbuzi wa kumpoza." Na juma lile nikarudi kwa Madam, nikaanza upya, na Mutua akaniazima kile chembamba akidai nisilie chakula juu yake. Alipopata kazi kubwa zaidi Nairobi mwaka uliofuata, mimi ndiye niliyekalia kiti chake, na ndicho ninachokalia nikiandika haya. Kile kinene kiko nyumbani. Mama hukiweka juu ya kifuniko cha sufuria maharagwe yakichemka, na baba huwaambia wageni kwamba hajawahi kununua ng'ombe mvivu, hata huyo amepata kazi.

Kile chembamba nacho kimeshazeeka, Basic imebadilika tena. Kwa hivyo mwezi uliopita tulirudi Kajiado, baba na mimi, kwa mtu yuleyule na turubai lilelile. Nilikiona nilichotaka. Nikakiangalia sawasawa kwa macho yote mawili, nikanyoosha na kidole, nikasema mbele ya watu, "Hicho." Bei ikapanda hapo hapo. Baba alipiga kelele ya uchungu kama aliyekanyagwa na fahali. Sijali. Nimeapa kwamba nitakachokitaka nitakiangalia, hata kikinigharimu zaidi.

Sasa naomba kwenu. Kama kuna yeyote kati yenu anayejifunza hizi lugha, awe Ngong, awe Namanga, popote, niandikie uniambie unasomea kitabu gani na umeishia wapi nacho, na tafadhali taja na mwaka wake. Andikeni hata kama mwandiko ni mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, lakini nitajibu, na sitajibu kwa kichwa.